Chuo kinataka kupanua kompyuta kuu ya astrofizikia: naomba tuanze na chumba, chipu zije baadaye

MwanaNgomeni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wana jukwaa, na wengine wote habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka. Leo nafungua uzi kwa kuwa jambo lenyewe linanikosesha usingizi. Ni fundi wa kompyuta katika chuo kimoja huku pwani, na kwetu ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Chuoni tuna kompyuta kuu ndogo, seva sita katika raki moja, ambayo wanafunzi wa fizikia wanaitumia kwa hesabu za nyota. Kuna mpango wa kuipanua. Kila kikao ninachoitwa, mazungumzo ni tununue chipu gani. Mimi nasema hilo ni swali la nne au la tano, na naomba mnivumilie nieleze.

Kwanza niwarudishe nyuma, maana bila haya mtu wa Malindi anaweza kudhani astrofizikia ni shughuli ya watu wa mbali.

Aliyekulia Ngomeni amekua akiiona mitambo ya San Marco, ile ya Waitaliano ya kurushia roketi, imesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilirushwa pale ikiwa na setilaiti ya kilo 141 hivi. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend wa NASA, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku ile. Walikuja huku kwetu kwa sababu ya ikweta. Mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupaa, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya ukanda wa mionzi mikali ulio juu ya Atlantiki ya kusini, kwa hiyo vipimo vyake havichafuki sana.

Vipimo vya Uhuru ndivyo vilivyowafanya wanasayansi waanze kuamini kwa dhati kwamba kile chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 kina shimo jeusi ndani yake, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeuongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339 vya eksirei, na hapa ndipo ninapopenda kuwasimamisha wanafunzi. Fungua makala ya kisayansi ya juzi tu, ya Mjapani au ya Mjerumani, utakuta jina kama 4U 1820-30. Hiyo 4 ni toleo la nne la orodha. Hiyo U ni Uhuru. Neno letu limo katika majina ya vitu vya mbinguni na wengi wetu hatujui.

Roketi ya mwisho ilirushwa San Marco mwaka 1988, lakini madishi ya nchi kavu hayajalala. Setilaiti za eksirei, yaani Swift iliyorushwa 2004, NuSTAR ya 2012 na IXPE ya 2021, zote zimekuwa zikishusha data zao katika kituo cha Malindi. IXPE inapita juu ya vichwa vyetu kila baada ya saa moja na nusu na kidogo. Data ikishuka inapelekwa Italia, kutoka huko inakwenda Marekani, inasafishwa, inawekwa katika ghala la wazi la NASA ambapo yeyote anapakua bure. Mwanafunzi wetu akiihitaji, inarudi kwa nyaya za chini ya bahari hadi Mombasa, ndipo ifike chuoni. Imeteremka mwendo wa matatu kutoka sokoni kwetu, ikaenda ng'ambo ya dunia, ikarudi.

Sina ugomvi na safari hiyo. Uchungu wangu ni kwamba ikirudi haina mahali pa kufanyiwa kazi.

Mwaka jana mwanafunzi wa uzamili alikuwa anaiga kwa hesabu jinsi gesi inavyolizunguka shimo jeusi kabla ya kumezwa. Hesabu ilikimbia siku tisa mfululizo. Siku ya tisa, alfajiri, stima ikakatika. Betri za akiba zikashika dakika nne, jenereta ikagoma. Nilipofika asubuhi sikuwa na wasiwasi mkubwa, kwani programu yake ilipangwa ijihifadhi kila saa sita. Nikafungua kumbukumbu za mashine. Diski ilikuwa imejaa tangu siku ya tatu. Siku sita zote programu ilijaribu kuandika, ikakosa nafasi, ikaendelea kupiga hesabu ambazo hazikuwekwa popote. Nilimwonyesha ule mstari kwenye skrini. Akausoma mara mbili, akafunga daftari lake, akaniambia "ahsante kaka", akatoka. Ile ahsante inaniuma hadi leo, kwa kuwa ilikuwa kazi yangu kuitazama ile diski, na mimi nilikuwa nimepelekwa kutengeneza printa za ofisi.

Wiki hiyohiyo nikafungua seva moja iliyokuwa ikilalamika. Chumba chetu kiko upande wa bahari, dirisha limezibwa kwa ubao tu. Kwenye mapezi ya feni mlikuwa na vumbi lililoshikana na chumvi, ukiligusa linakwaruza kama mchanga wa ufuoni. Vichwa vya shaba vya kebo vilikuwa vimeota kijani. Na kiyoyozi ni kimoja, cha ofisi, hakikutengenezwa kufanya kazi usiku na mchana. Wakati wa maleleji, kusi imekufa na kaskazi bado haijaingia, hewa imesimama kabisa, humo ndani nimepima nyuzi 34. Chipu ikipata moto hivyo hujipunguza kasi yenyewe isiungue. Yaani kasi tuliyokwisha kuilipia hatuitumii. Sasa tunataka kununua nyingine tuiweke chumba kilekile?

Ombi langu kwa wakubwa ni kwamba pesa za mwanzo ziende kwenye chumba cha ndani kisichopata upepo wa bahari, viyoyozi viwili vya kupokezana, stima inayoaminika, diski za kutosha, na mshahara wa mtu ambaye kazi yake ni mashine hiyo tu. Kitakachobaki, tununue chipu. Wenye ujuzi karibuni, wanaopinga pia karibuni.

Fundi_Stima

Waleikum salaam ndugu yangu. Nimefanya kazi za stima hotelini Malindi na Watamu miaka kumi na minane, na kuhusu chumvi umesema kweli tupu. Hoteli za ufuoni tunabadilisha viyoyozi mapema kuliko za juu mjini, tena huwa ni vile vya nje vinaliwa mapezi yote.

Swali langu. Hiyo mashine mpya itakula kiasi gani? Maana watu wanasema "kompyuta" wakidhani ni kama ile ya saiberi.

MwanaNgomeni

@Fundi_Stima, swali zuri kaka. Chipu moja ya michoro ya daraja la juu, mathalani H100 ya NVIDIA, inaweza kula hadi wati 700. Seva moja yenye chipu nane hizo, pamoja na vikorokoro vyake, inafika kilowati 10. Iache ikimbie usiku na mchana ni uniti 240 kwa siku, uniti 7,200 kwa mwezi. Chukua bili yako ya nyumbani, tazama bei ya uniti, zidisha. Hiyo ni seva moja, na bado hujaiondolea joto: kila wati inayoingia humo inatoka kama moto, na kiyoyozi kinataka stima yake tena kuutoa nje.

Fundi_Stima

Lahaula. Basi hapo si suala la soketi. Hapo unataka laini ya fezi tatu, kebo nene, na waya wa ardhini uliopimwa ukaandikwa. Huku kwetu mchanga mkavu unadanganya sana. Unapiga nguzo ya ardhini, mvua ikinyesha inasoma vizuri, Januari haisomi kitu. Umewahi kupima ya kwenu?

Mlipakodi_Malindi

Nitakuwa mkweli, mnisamehe. Mimi nimesoma sayansi kidogo. Data za eksirei ni ndogo. Chembe za mwanga zinahesabiwa moja moja, faili la NuSTAR la kutazama kitu kimoja linaingia kwenye flashi. Programu za kuzichambua ni za bure na zinakimbia kwenye laptop. Sasa kompyuta kuu ya nini? Hapa Malindi kuna watu wanachota maji ya visima vyenye chumvi. Pesa hizo zingefanya mengi. Halafu hawa Waitaliano wako Ngomeni tangu miaka ya sitini, kijiji kimepata nini? Nahofia haya yawe yaleyale, jambo kubwa la kujivunia na mtoto wa Ngomeni anaendelea kulitazama kwa mbali.

MwanaNgomeni

@Mlipakodi_Malindi, ndugu yangu, sina cha kukusamehe. Swali lako ndilo lingefaa kuulizwa kwenye vikao vyetu.

Na sehemu ya kwanza uko sahihi. Kuchambua data ya NuSTAR au Swift hakuhitaji kompyuta kuu, na mimi huwaambia wanafunzi wa mwaka wa pili waanze kwa laptop leo, wasisubiri mradi. Data za Swift huwekwa wazi ndani ya saa chache tu.

Kazi nzito inaanza unapouliza maana ya ulichokipima. Nitoe mfano wa kwetu. Mwaka 2022 IXPE iliitazama Cygnus X-1, ileile ya Uhuru, data ikashukia hapahapa. Ilipima mwelekeo wa mitikisiko ya mawimbi ya eksirei, ikakuta yamelala upande mmoja kwa asilimia 4 hivi. Asilimia 4 peke yake haikwambii kitu. Ili ujue inatoka kwa gesi iliyolala juu ya sahani ya gesi inayolizunguka shimo, au kwa gesi iliyosimama kama mnara juu ya shimo lenyewe, lazima uijenge kila sura kwa hesabu, uimulike kwa hesabu, kisha ulinganishe na kilichopimwa. Jibu likawa ni gesi iliyotandaa na sahani. Kufika hapo ni mamilioni ya miale ya mwanga iliyofuatwa mmoja mmoja ndani ya kompyuta.

Na kuijenga gesi yenyewe ndiko kunakokula mashine. Wewe ni mtu wa Malindi, unaujua wavu. Wavu wa macho mapana dagaa wanapita, ukitaka dagaa unataka macho madogo. Hesabu za gesi ni hivyohivyo. Unalikata anga vyumba vidogo vya mchemraba, kila chumba unaweka namba nane: uzito wa gesi, nishati, kasi pande tatu, sumaku pande tatu. Ukikata vyumba 512 kila upande, unapata vyumba zaidi ya milioni 134, na namba zake zinajaza gigabaiti 8.6 hivi. Laptop nzuri itabeba. Sasa punguza jicho la wavu nusu, 1,024 kila upande: vyumba bilioni moja na zaidi, gigabaiti 69. Nusu tena, gigabaiti 550. Kumbukumbu inazidi mara nane kila unapopunguza jicho, na kazi inazidi mara kumi na sita, kwa sababu jicho likiwa dogo lazima na hatua za wakati ziwe fupi. Hesabu iliyochukua siku moja sasa ni zaidi ya wiki mbili. Na misukosuko ya gesi, inayoamua shimo linameza kiasi gani, imo humo kwenye macho madogo.

Ndiyo maana nalilia diski pia. Hifadhi hali ya mashine mara mia moja kwa ile ya gigabaiti 69, unakaribia terabaiti 7 kwa kazi moja ya mwanafunzi mmoja.

Kuhusu maji ya chumvi sina jibu la kukufurahisha. Fungu la utafiti la chuo halichimbi visima, hata tukiliacha. Lakini mashine hiyohiyo, bila kubadilisha hata waya, inaweza kupiga hesabu za mwendo wa maji ya chini ya ardhi na jinsi bahari inavyoingia kwenye visima. Hesabu ni za jamii moja, vyumba na majirani zao. Ningependa chuo kiandike kabisa kwamba sehemu ya saa za mashine ni za maswali ya pwani. Hilo nitalisema kwenye kikao kijacho, na nitasema limetoka kwako.

Nahodha_wa_Mambrui

Wanangu, nawasoma kwa simu ya mjukuu wangu. Mimi ni wa zamani. Nilikuwa kijana wa mashua wakati roketi zikirushwa. Siku hiyo tuliambiwa tusisogee upande ule, tukakaa Mambrui ufuoni tukangoja. Unaona mwanga kwanza, kimya, halafu mshindo unakuja juu ya maji na kuku wanakimbia. Hatukuambiwa ndani yake mna nini. Leo ndiyo nasikia ile moja ilikuwa inatafuta mashimo meusi na jina lake ni Uhuru.

Sisi nyota tulizijua kwa kazi. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ulikitazama kilimia ukajua upande majira yanakokwenda. Falaki haikuwa ngeni huku. Ningependa kuuliza kijana wa Ngomeni jambo moja: hiyo data yapita saa ngapi juu yetu, na mtu akitoka nje aweza kuiona hiyo setilaiti kwa macho?

MwanaNgomeni

Shikamoo mzee wangu. Umenifurahisha mno. Kwa macho IXPE ni ndogo na hafifu, sidhani utaiona. Lakini huwa inapita zaidi ya mara kumi kwa siku, karibu juu kabisa ya ikweta, kwa hiyo wewe ukiwa Mambrui tazama juu kisha upande wa kaskazini kidogo, ndiyo njia yake. Nitakutafutia nyakati za wiki hii nimpe mjukuu wako.

BintiAmu

Salamu kutoka Lamu. Mimi nasoma fizikia, niko nyumbani Langoni likizo. Kaka MwanaNgomeni, nakuunga mkono ila umepita haraka sana kwenye suala la mtu. Kwenye chuo nilichoko tulipewa seva nzuri na wafadhili. Aliyezifunga akaondoka baada ya miezi sita kupata kazi kwenye kampuni. Alibaki na nywila kichwani mwake. Seva zikakaa mwaka mzima zimewashwa, zinakula stima, hakuna anayeweza kuongeza mtumiaji hata mmoja. Mimi nilijifunza Linux, mfumo unaoendesha seva hizo, mwenyewe kwa simu, usiku, nikiwa na bando ya masaa.

Na jambo la pili, kwa nini tusikodi mashine za mtandaoni? Unalipa saa unazotumia, hakuna kiyoyozi wala chumvi.

MwanaNgomeni

@BintiAmu, dada, umenigusa pabaya, ni kweli nimepita haraka. Huenda ni kwa sababu mtu huyo ni mimi na naona haya kujililia. Lakini usemavyo ndivyo. Mashine ya namna hii inataka mtu wa kupanga foleni ya kazi (sisi tunatumia Slurm, ni ya bure, ndiyo pia inaendesha kompyuta kuu nyingi za dunia), kuweka programu, kutazama diski kila asubuhi, kukaa na mwanafunzi na kumwonyesha kwa nini programu yake inatumia prosesa moja kati ya thelathini na mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta kasi kuliko chipu yoyote. Nimewahi kukaa na kijana mmoja alasiri moja, tukabadilisha jinsi programu yake inavyosoma faili, kazi ya saa ishirini ikawa ya saa mbili. Hatukununua hata skrubu.

Kwa hiyo narekebisha ombi langu. Watu wawili, si mmoja, na kila kitu kiandikwe mahali pa wote, ili akiondoka mmoja asiondoke na funguo.

Kukodi ni jambo jema kwa kuanzia na kwa kazi ya ghafla. Ila bei ni za dola, na wengi hutoza pia kuitoa data yako kwao. Kazi ya wiki tatu ikikimbia mfululizo, kila muhula, kukodi kunaweza kuzidi kununua. Na mwanafunzi anayelipa kwa saa anaogopa kukosea. Huwezi kujifunza kazi hii bila kukosea sana.

Kuna njia nyingine ambayo hatuitumii vya kutosha, nayo ni kubisha hodi kwa jirani. Afrika Kusini wana Lengau pale Cape Town, iliyozinduliwa 2016, yenye viini vya prosesa zaidi ya 32,000. Lengau kwa Kitswana ni duma. Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi wa darubini ya redio ya SKA, na huko Karoo, Afrika Kusini, darubini ya MeerKAT yenye madishi 64 inafanya kazi tangu 2018. Mwanafunzi aliyejifunza foleni na hifadhi kwenye mashine yetu ndogo anaweza kwenda kwenye ile kubwa bila kuaibika. Mimi naiona yetu kama mtumbwi wa kujifunzia kabla ya jahazi.

Raki_na_Kebo

Niko Ulaya, natoka Malindi, Shella ya huko (si ya Lamu, BintiAmu usije juu). Nafanya kazi kwenye kituo cha data. Kila miaka mitano hivi vyuo huku vinatoa mashine zao nzima. Naweza kuwaunganisha mkapewa. Si jambo jipya: Ranger ya Texas, kompyuta kuu iliyokuwa na viini vya prosesa zaidi ya 60,000, ilizimwa 2013 na baadhi ya raki zake zikaletwa Afrika kupitia Afrika Kusini, zikagawiwa vyuo. Kwa nini kununua?

Mlipakodi_Malindi

Mtumba wa kompyuta. Hapo tutaletewa taka.

MwanaNgomeni

@Raki_na_Kebo, Mungu akubariki kwa kutukumbuka. Mimi sikatai mtumba, nimevaa mtumba na nimesomea kompyuta za mtumba. Ila tuhesabu kabla ya kupokea. Mashine ya zamani inakula stima nyingi kwa kazi ileile ambayo mpya inaifanya kwa kidogo, na huko kwenu inatolewa mara nyingi kwa sababu hiyohiyo. Zawadi inakuja bure, bili inakuja kila mwezi. Tukipewa, ningechukua raki moja tu, ya kufundishia: wanafunzi waifungue, waifunge, waharibu, watengeneze. Na ningeomba zaidi vitu ambavyo havizeeki haraka, yaani raki zenyewe, kebo za kasi za kuunganisha seva, diski zilizopimwa afya. Hizo kebo zina umuhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kila chumba cha hesabu lazima kiulize jirani yake hali yake, katika kila hatua ya hesabu. Jirani akiwa seva nyingine na kebo ni ya kawaida, prosesa zinakaa zikingoja majibu. Kama watu ishirini wanaovuta juya, mmoja akichelewa kamba inalegea kwa wote.

Na ukweli mmoja kuhusu chipu, kwa kuwa najua wakubwa wengine wanasoma. Msinunue kadi za wacheza gemu kwa sababu ni rahisi. Hesabu za gesi na sumaku zinataka namba za usahihi wa biti 64, makosa madogo yasije yakajilimbikiza. Kadi kama RTX 4090 kwenye usahihi huo inafanya kazi kwa kasi ya moja ya sitini na nne ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa akili bandia ni nzuri. Kwa shimo jeusi utalia.

BintiAmu

Kaka, kuna mtu aliyewahi kupata picha ya shimo jeusi kwa njia hii? Darasani tulionyeshwa ile pete ya machungwa.

MwanaNgomeni

Ndiyo hiyo dada. Ilitangazwa 10 Aprili 2019, shimo lililo katikati ya galaksi ya M87. Darubini za redio kutoka pande nyingi za dunia ziliungana, data ikawa nyingi mno kupita kwenye intaneti, wakasafirisha diski kwa ndege, nusu tani. Zile za Ncha ya Kusini zilisubiri baridi kali iishe ndege iweze kuruka. Nikiikumbuka habari hiyo nafarijika, kwamba hata wao mkwamo wao ulikuwa diski na usafiri. Na pete peke yake haikutosha. Walitengeneza kwa kompyuta kuu makumi ya maelfu ya picha za kuiga, wakalinganisha, ndipo wakasema shimo lina uzito wa jua letu mara bilioni 6.5.

Mwl_Fizikia_Gongoni

Nimechelewa. Nafundisha sekondari huku karibu na mashamba ya chumvi. Mzee Nahodha amegusa jambo: tuliambiwa tukae ufuoni. Mkataba mpya wa Kenya na Italia wa 2016 unataja mafunzo na kupata data za sayansi ya anga. Naomba huo upanuzi uwe na mlango wa sekondari. Nina wasichana wawili kidato cha tatu wanaoweza kuandika Python, lugha ya programu, kuliko mimi. Wapewe akaunti, hata saa kumi kwa mwezi.

MwanaNgomeni

Mwalimu, saa kumi si kitu, usiku wa wikendi mashine imelala. Sihitaji hata upanuzi kwa hilo. Nahitaji barua ya shule yako na ruhusa ya mkuu wangu wa idara, nitaiomba Jumatatu. Waanze na data ya Swift ya 4U moja, nitawachagulia yenye mwanga mwingi, wapime inavyopanda na kushuka.

@Fundi_Stima, kaka, uliniuliza kama nimewahi kupima waya wa ardhini. Sijawahi, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba kuna aliyepima. Nimeona vibaya kukujibu kabla sijatafuta kwenye mafaili yote.

Fundi_Stima

Nilijua. Jumamosi niko huru, nina mita ya kupimia. Nunua tu nguzo mbili za shaba za futi nne, na magunia mawili ya mkaa wa kusagwa tuchanganye na udongo, huo mchanga wenu haushiki unyevu. Saa tatu asubuhi nitakuwa getini. Mwambie askari asinisimamishe.

MwanaNgomeni

Saa tatu, inshallah. Jina lako nitaliacha getini. Kabla hujafika nitakuwa nimezima raki kwa utaratibu na kuhamisha kazi za wanafunzi kwenye diski ya nje. Diski ya mashine nimeitazama sasa hivi, imebaki nafasi asilimia 11.